Nilitania kifo cha mtu kwenye grupu la kazini, kumbe ndugu yake yumo humo humo

#1 Mhariri_wa_Zamu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuhesabu aishie hapa.

Naishi Tabata, nafanya kazi kwenye televisheni moja ya mtandaoni hapa Dar. Zamu yangu ya usiku. Taarifa zinaingia kutoka mikoani na hapa mjini, mimi nachuja, natunga kichwa cha habari, naziba sura kwenye picha, naachia hewani. Yaani kuanzia saa nne usiku mpaka kumi na mbili asubuhi nakunywa chai na maiti. Huyu kachinjwa, yule kachomwa, mume kamfukia mke sebuleni akamwaga na zege juu. Na picha zinakuja zikiwa wazi, maana mwenye kuziziba ni mimi.

Mwaka wa kwanza nyama ilinishinda kula. Mwaka wa pili nikaanza kutania. Siyo mimi peke yangu, chumba kizima. Jirani wa muuaji akihojiwa akasema "alikuwa kijana mpole, hana makuu, anasalimia kila mtu", sisi tunasema dalili zote alikuwa nazo. Huwa tunajiuliza kwa nini marehemu wote wa nchi hii ni "mtu wa watu". Sijawahi kupokea taarifa inayosema mtata maarufu wa mtaa afariki, majirani wapumua. Bila huo upuuzi ningekuwa nimeshaacha kazi, au naongea peke yangu kwenye mwendokasi.

Sasa juzi usiku likaingia tukio la kijana kuuawa chumbani alikopanga, huko Mbagala ndani ndani. Amegundulika siku ya tatu. Nikaziba, nikaachia, nikaenda kulala. Jana mchana naamka, mtu kaiweka ile habari kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, lile kubwa la watu wote mpaka madereva na watu wa mauzo. Mimi mwili umeamka, akili bado iko zamu. Nikaandika:

"Siku tatu? Huyu hakuwa na mkopo wa kausha damu. Mimi nikichelewa rejesho siku moja tu mlango unagongwa alfajiri."

Vicheko. Zile sura za kutoa machozi zikashuka kama mvua ya masika. Wakaja wengine na za kwao. Dakika sita hivi. Halafu dada mmoja wa uhasibu, ambaye kwenye lile grupu haandikagi kitu zaidi ya "sawa", akaandika:

"Huyo ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mazishi kesho baada ya alasiri."

Watu arobaini na moja, wakuu. Kuna mmoja pale juu ilionyesha anaandika, anaandika, anaandika, kisha akaacha. Mimi nikafuta ujumbe wangu. Ndiyo nikaharibu zaidi, maana pakabaki yale maneno "ujumbe huu umefutwa", na kila anayefungua grupu anayaona hayo kwanza.

Hiyo "kesho" ndiyo leo. Sasa hivi saa kumi na moja alfajiri, nimetoka kuziba picha nyingine. Nifanye nini? Na mseme ukweli, mimi ni mgonjwa?

#2 Siti_ya_Dirishani

Nimewahi siti ya dirishani. Ila ile ya kausha damu, Mungu nisamehe, nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda kaniangalia.

#3 Abuu_Swafiya

Mwenzako anafiwa wewe unafanya mzaha. Leo kwake kesho kwako. Tubu, uache na hiyo kazi.

#4 Siti_ya_Dirishani

Shekhe, akiacha kazi hilo rejesho la kausha damu utamlipia wewe?

#5 Nesi_Zamu_ya_Tatu

Mhariri mdogo wangu, huumwi. Kaa nikusimulie.

Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na nne huu, idara ya dharura, hospitali moja ya hapa mjini. Usiku mmoja tukaletewa kijana wa bodaboda, mguu umekatika mara mbili, kichwa kimevimba, hajitambui. Tumehangaika naye mpaka karibu na adhana. Akafumbua macho. Daktari akainama amsikilize, sote tumenyamaza tukijua atamwita mama yake. Akasema, "Abiria kalipa?"

Tulikimbilia chumba cha kuoshea vyombo tukacheka mpaka mwenzangu mmoja akakaa chini. Ule usiku tulikuwa tumepoteza watu wawili kabla yake, mmoja mtoto. Tusingecheka sijui tungefikaje asubuhi. Daktari mwenyewe, mtu mzima na mvi zake, alikuwa anacheka huku anafuta macho na mkono wa koti.

Lakini tulifunga mlango. Nje kwenye benchi mama wa yule kijana alikuwa amekaa na kanga yake kichwani, na tulipotoka hakuna uso uliokuwa na hata dalili. Hilo ndilo la kwanza wanalokufundisha wakubwa wa kazi, japo halipo kwenye silabasi. Utani wa ndani haupiti kizingiti. Kosa lako wewe umeutoa chumba cha zamu ukaupeleka kwenye benchi la ndugu. Na hayo magrupu yenu hayana mlango, mdogo wangu.

#6 Kinyozi_Magomeni

Nesi umesema. Ngoja niweke na langu, maana sisi wa mtaani tuliziishi hizi habari kabla hazijawa za kusikiliza kwenye masikio.

Ijumaa tarehe 2 Januari 2015. Wenye umri mnakumbuka. Jioni uvumi ukaingia: Panya Road, lile kundi la vijana wahalifu, wametoka kumzika mwenzao, wanakuja, mapanga mkononi, wanapiga kila anayekatiza. Tandale wanasema wako Manzese, Manzese wanasema wako Kagera ya Magomeni, Sinza watu wanafunga maduka. Karibu mji mzima ulikimbia kundi ambalo wengi wetu hatukuliona kwa macho.

Mimi nilikuwa na mteja kitini. Nimeshamnyoa upande wa kulia mpaka chini, wa kushoto bado msitu. Kelele ilipopita nje, jamaa akaruka na kitambaa changu shingoni. Nilimwona anakata kona ya sokoni, nusu kipara nusu afro, kitambaa kinapepea nyuma kama joho. Mimi nikajifungia ndani na mashine ikiwa inawaka mkononi. Umeme nao ukakatika, nikajua basi, ndiyo mimi.

Kesho yake asubuhi karudi. Amevaa kofia. Kakaa kitini, kimya. Nikamalizia upande wa pili. Nikamwambia buku mbili. Akasema, "Jana ulinyoa nusu, leo nusu. Nusu ya jana siilipi, sikupata huduma kamili."

Hiyo hadithi niliisimulia hapa kijiweni miaka. Mji mzima ulikuwa na hadithi zake, mwanamke kakimbia na rimoti kaacha televisheni, mwingine kabeba mto akidhani mtoto. Tulicheka kwa sababu tulikuwa tumeogopa kweli na tulikuwa tumepona.

Halafu Septemba 2022 wakaingia nyumba za watu Kawe, binti mwanafunzi wa chuo akauawa. Wiki ile mteja mmoja mgeni akaniambia, "Kinyozi, hebu wasimulie ile ya nusu kipara." Mdomo ulikataa. Hadithi ile ile, jina la kundi lile lile, ila mle ndani sasa kulikuwa na maiti. Nikamwambia mashine inapiga kelele, sisikii.

#7 Takwimu_Siyo_Siasa

Hili la Kinyozi limeshapimwa. Watafiti wa Marekani walichukua vichekesho vilivyohusu kimbunga Sandy, kilichopiga pwani yao ya mashariki Oktoba 2012, wakawa wanawapa watu wavipime, kuanzia kabla kimbunga hakijatua mpaka zaidi ya miezi mitatu baadaye. Kabla hakijafika, watu walivicheka. Kilipoua na kubomoa, kicheko kikaanguka, na chini kabisa ilikuwa karibu na siku ya 15. Kisha kikapanda taratibu, kilele siku ya 36. Baada ya hapo kikashuka tena, siyo kwa uchungu, bali utani ulikuwa umechacha, hakuna aliyejali.

Msiba ukiwa karibu mno unauma, ukiwa mbali mno hauna ladha. Mhariri alitania siku ya kwanza. Kwa mwenye msiba hiyo hata siku haijawa.

#8 Bi_Mkubwa_Kariakoo

Siku 36? Na sisi tuna arobaini. Wazee hawakuwa na kompyuta na wamepishana na Wamarekani siku nne tu.

#9 Takwimu_Siyo_Siasa

Bi Mkubwa, hapo umenimaliza.

#10 Mgeni_Rasmi

Mimi nilisoma kuna utafiti wa Vienna, 2017, wanaopenda ucheshi mweusi, yaani wa kutania vifo, wana akili nyingi kuliko wengine. Kwa hiyo Mhariri usijali, wewe ni jiniasi.

#11 Takwimu_Siyo_Siasa

Upo kweli. Watu 156, wakaonyeshwa katuni. Na walioupenda sana walikuwa pia hawana hasira nyingi, wala hali ya moyo iliyovurugika. Sasa mwenzetu anakunywa chai na maiti usiku kucha, usimpime kwa hao. Na jiniasi angeangalia kwanza nani yumo kwenye grupu.

#12 Dada_wa_Bajaji

Jamani na sisi wanawake mtusikie. Mimi nasikiliza hadithi za mauaji kila siku, za Marekani, za Kenya, za kwetu, naweka masikioni nikitoka kazini Posta mpaka nyumbani Goba. Mume wangu anasema nina pepo. Lakini kuna watafiti walishaonyesha tangu 2010 kwamba wanawake tunavutwa na hizi habari kuliko wanaume, na sababu yao naielewa vizuri sana. Tunasikiliza kama mtu anayesomea mtihani. Alipanda gari ya nani? Nani alimwona mara ya mwisho? Kwa nini hakupiga kelele?

Kila nikipanda bajaji usiku natuma namba ya usajili kwa dada yangu. Na kila mara naandika chini yake: "Nikipotea, tafadhali mtumie picha ya sendofu. Ole wako utoe ile ya NIDA." Yeye ananijibu: "Nitatoa ya NIDA, wakuonee huruma wakutafute." Miaka mitano tunafanya hivyo. Siku asiponijibu hilo neno, siwezi kulala.

Huo ni utani? Ndiyo. Ni woga? Ndiyo. Lakini wa kufa kwenye huo utani ni mimi. Sijamfanya mtu mwingine maiti yangu ya mazoezi. Wanaonikera ni wale wanaochekea ya mwenzao. Kigoma walipokuwa wanawaingilia wanawake wanaoishi peke yao usiku, wamejipaka mafuta ili wasishikike, watu wakawapa jina "teleza". Jina tamu hilo, la kuchezea watoto. Huku Dar wanaume walikuwa wanalitania kwenye daladala, "dada funga mlango, teleza huyo". Mwanamke aliyeingiliwa anafika kushitaki, anaanza kusema tu hilo jina, watu wanatabasamu. Hebu fikiria.

#13 Mzee_wa_Posta

Dada umenikumbusha "watu wasiojulikana", lile jina walilopewa wateka watu. Ofisini kwetu mwaka 2017 na 2018 lilikuwa jibu la kila kitu. Nani kamaliza sukari? Watu wasiojulikana. Nani kaegesha vibaya? Wasiojulikana. Tulikuwa tunaogopa hata kutaja tunachoogopa, basi tukakiweka kwenye kopo la sukari.

Sikatai kwamba ilitusaidia. Ila tulikuwa na mfanyakazi mwenzetu ambaye kaka yake aliondoka nyumbani asubuhi moja hajarudi mpaka leo. Sukari yake aliihamishia kwenye droo yake. Sikuelewa kwa nini mpaka nimesoma uzi huu.

#14 Mngoni_Halisi

Hapa mnaongea kama huu ucheshi umekuja na intaneti. Kuna Mhehe yeyote humu? Nataka kuonyesha watoto wa mjini.

#15 Mnyalukolo

Nipo, ewe mtumwa wangu. Sema.

#16 Mngoni_Halisi

Niliwahi kuambiwa chifu wenu Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 kwa sababu alisikia Wangoni tunakuja kumsalimia.

#17 Mnyalukolo

Alijipiga ili Mjerumani asimshike, nyie mlishikwa. Na fuvu lake walilibeba, ndiyo, lakini lilirudi 1954, gavana mwenyewe Twining kalileta Kalenga kwa heshima zote. Wa kwenu Songea Mbano walimnyonga 1906 pamoja na wenzake, na inasemekana kichwa wakaenda nacho. Kimerudi? Mnahitaji nauli? Tuchangishe?

#18 Mngoni_Halisi

Hahaha, mbwa wewe. Wakuu, mmeona? Huyo amenitania kichwa cha babu yangu na mimi nimecheka, na tukikutana atanunua kahawa. Tulichinjana karne ya 19, tukazikana, tukabaki na utani. Mtu mwingine yeyote humu akirudia hayo maneno kuhusu Songea Mbano, tutapigana.

#19 Fundi_Majeneza

Naomba nichangie kidogo, mimi si mwandishi.

Natengeneza majeneza, banda liko barabarani. Kuna salamu moja hatuna kwenye biashara yetu: "karibu tena". Kijana akianza kazi namwambia hilo kabla sijamwonyesha msumeno. Sasa nilikuwa na mmoja ametoka kuuza viatu Kariakoo, ulimi umeshazoea. Akaja baba mmoja kuchukua jeneza la mtoto, dogo, la futi tatu. Kalipa, kalibeba mwenyewe begani. Kijana wangu akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Asante sana mzee, karibu tena."

Niliona dunia imesimama. Randa ilinianguka. Yule baba akageuka, akatuangalia, akasema, "Nikirudi hapa nitakuja nimebebwa." Akacheka. Na sisi tukacheka, kwa woga. Halafu akaliweka jeneza chini, akakaa juu ya benchi langu, akalia nusu saa. Nikamletea maji.

Sijui kama hiyo inasaidia. Ila yeye ndiye aliyeanza kucheka. Asingecheka yeye, mimi nisingethubutu mpaka leo.

#20 Siti_ya_Dirishani

Fundi, nashuka kituo hiki, nitatembea.

#21 Dada_wa_Bajaji

Ngoja niseme na hili la wenzetu wazungu, maana msidhani ni ushamba wetu tu. Jeffrey Dahmer aliua wanaume na wavulana 17 kule Marekani, wa mwisho 1991. Netflix walipotoa mfululizo juu yake 2022, ndugu wa waliouawa wakajitokeza kusema hawakuulizwa, na wameumizwa upya. Miezi ile ile watu wanatafuta mavazi ya kujifananisha naye kwa sherehe za Halloween, mpaka eBay ikayapiga marufuku. Nilikuwa nasikiliza habari za yule mtu napika, nacheka vijembe vya watangazaji. Niliposikia ndugu wanaongea nilizima. Nikaona aibu, na mwiko mkononi.

Halafu wiki iliyofuata nikasikiliza hadithi nyingine. Sitadanganya.

#22 Wakili_wa_Kijiweni

Angalizo dogo tu kwa Mhariri na wenzake: kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, za 2018 na zilizoandikwa upya 2020. Kurusha picha za ukatili za kushtua watu ni kosa, hata ukiandika "samahani kwa picha". Wengi humu mnasambaza mkidhani mnaomboleza. Naendelea kusoma.

#23 Mnyamwezi_wa_Ilala

Nimesoma toka juu, sasa niseme.

Mimi Mnyamwezi, mzaliwa wa hapa hapa Ilala. Babu zetu walishuka pwani na misafara ya pembe, mizigo kichwani, wakapita nchi ya Wazaramo kwa miguu. Mwenye kufia njiani alizikwa na mwenyeji. Mpaka leo Mzaramo akifiwa mimi naitwa, na mimi nikifiwa yeye yupo mlangoni kabla ya ndugu zangu.

Nimefanya utani kwenye misiba isiyohesabika. Navaa kofia ya marehemu. Natembea kama yeye, nakohoa kama yeye, nadai deni ambalo hakuwahi kukopa. Najilaza njiani jeneza lisipite mpaka nipewe chochote. Nimeona mjane anacheka kwa sauti na machozi yanadondoka kwenye kanga, na shangazi zake wanamshukuru Mungu kwa sababu hakuwa ametoa sauti tangu juzi.

Lakini vijana mnaona kile kicheko cha saa tisa tu. Hamkuniona usiku wa kuamkia, nilikesha kwenye jamvi. Hamkuniona alfajiri na jembe, udongo wa Mbagala una mizizi ya mikorosho mpaka unakata tamaa. Mtani anachimba kwanza. Na anapima, mzee aliyeshiba miaka siyo sawa na kijana aliyeuawa. Kwa wengine nimechimba, nimebeba, sikufungua mdomo kabisa.

Mhariri, utani wako haukuwa mbaya kama utani. Mimi mwenyewe ningeweza kuusema. Ila wewe ulichimba nini?

Usimtumie yule dada ujumbe wa samahani. Leo ni mazishi, hujachelewa. Vaa kanzu kama unayo, nenda.

#24 Bi_Mkubwa_Kariakoo

Nakazia. Na uende mapema, usiende kama mgeni wa harusi.

#25 Mhariri_wa_Zamu

Sina kanzu. Naazima kwa jirani. Naenda.

#26 Siti_ya_Dirishani

Saa tatu usiku sasa. Mhariri uko wapi? Tusije tukakutana nawe kwenye taarifa yako mwenyewe.

#27 Mhariri_wa_Zamu

Nimerudi. Zamu leo kaniazima mwenzangu, nimekaa kitandani na kanzu ya jirani bado mwilini, fupi, inaishia kwenye ugoko.

Nilifika saa sita mchana. Uchochoro, turubai la bluu limefungwa kwenye mwembe na kwenye nguzo ya umeme, mwili polisi wameukabidhi asubuhi. Kutoka ofisini tulikuwa watatu. Nikaandika rambirambi kwenye daftari, nikamuulizia yule dada, nikaambiwa yuko uani na wanawake. Nikasimama pale kwenye kona ya ua kama mwizi mpaka mama mmoja akamwita.

Akaja. Nikaanza, "Dada pole, mimi ndiye…" Akasema, "Najua ni wewe."

Nikatafuta maneno. Yale niliyopanga kwenye daladala yote yamekimbia. Akaniangalia, macho makavu, kavimba kope. Akasema, "Alikuwa nao."

Nikauliza, nini?

"Mkopo. Wa kausha damu. Hao ndio waliogonga mlango siku ya tatu mpaka ukavunjwa." Akanyamaza kidogo. "Sisi ndugu zake hakuna hata mmoja aliyempigia. Na mimi nina namba yake."

Wakuu, sikumjibu kitu. Sikuwa na cha kujibu. Naye hakuonekana kungoja jibu, akarudi kukaa kwenye mkeka wake.

Nikatoka, nikafuata wanaume makaburini. Kaburi lilikuwa halijafika kina, lilikutana na jiwe. Ndani kulikuwa na mzee mmoja, kifua wazi, jasho linamtiririka, Mnyamwezi, nilijua kwa jinsi walivyokuwa wanamtukana na yeye anawarudishia. Si wewe #23, huyu ni wa kwao huko. Akanitazama na ile kanzu fupi, akasema, "Wewe wa nguo ya mdogo wako, shuka." Akanipa sururu. Mimi, mtu wa kompyuta. Malengelenge manne, mkono wa kulia.

Jioni wakati jeneza linatoka nyumbani, yule mzee alisimama mlangoni, mikono kaitandaza. Nikajua sasa ataanza. Watu wote wakamtazama. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Huyu mdogo sana. Pitisheni." Akasogea.

#28 Nesi_Zamu_ya_Tatu

Weka mafuta ya mgando kwenye hayo malengelenge, usiyatoboe.

#29 Dada_wa_Bajaji

Nimempigia dada yangu sasa hivi. Hakuna sababu. Nimempigia tu.

#30 Siti_ya_Dirishani

Mhariri, samahani, nimejizuia nimeshindwa. Hao wa kausha damu, walikuja msibani?

#31 Mhariri_wa_Zamu

Walikuja wawili kwa pikipiki. Wakaandika elfu tano kwenye daftari, wakakaa kwenye benchi, wakala na pilau. Halafu yule mwenye begi akamwinamia mshika daftari, akamuuliza kwa adabu kabisa mdhamini wa marehemu amekaa wapi.

Yule mzee Mnyamwezi akamwelekeza kwangu.